Siti wa Fumba na Mji Uliomuuliza Ukoo

Mtu anayejua kununua chungu hakinunui kwa macho. Hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukoroma, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Muuzaji mwenye mali safi hana haja ya kuapa. Hukikabidhi chungu, akanyamaza, akaiacha mali ijisemee.

Katika biashara hiyo ndimo alimokulia mwanamke ambaye sauti yake ilikuja kusikika kutoka Unguja hadi Mombasa, hadi Tanga na Dar es Salaam, katika enzi ambayo wengi waliomsikia hawakuwahi kumwona kwa macho. Alizaliwa Fumba, rasi iliyoko kusini magharibi mwa kisiwa, karibu na mwaka 1880. Wazazi wake walimwita Mtumwa binti Saad. Jina la Siti, la kumheshimu bibi wa watu, alipewa mjini baadaye. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na ya mama yake Uzigua. Walikuwa wakulima na wafinyanzi. Mama alifinyanga, binti akajitwika vyungu na kwenda kuviuza mjini, njia ya kilomita kama 20, na alipofika alivinadi kwa sauti mtaa kwa mtaa.

Nimefundisha historia na Kiswahili katika skuli za hapa Unguja mpaka nilipostaafu, na tangu usichana wangu nimekuwa katika taarab asilia, kwanza muitikiaji, kisha muimbaji. Mambo hayo mawili, darasa na jukwaa, ndiyo yaliyonifanya nimtafakari Siti kwa muda mrefu. Kila mara binti anapoletwa klabuni kwetu kujifunza kuimba, mzazi humwambia mbele yetu, "Mwanangu, jiamini." Maneno ni mema. Lakini sijasikia mzazi akimwambia binti huyo ajiamini kwa sababu ya nini. Siti alilijibu swali hilo kwa maisha yake, tena katika mji ambao ulikuwa umemwekea jibu tofauti kabla hajafungua kinywa.

Lazima nieleze mji huo ulikuwaje. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897, isipokuwa kwa masuria, ambao walingojeshwa hadi 1909. Kwa hiyo Siti alikuwa msichana mkubwa wakati bado kulikuwa na watu wa Unguja wanaomilikiwa na watu wenzao. Na utumwa ulikuwa na mavazi yake. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, au kipande cha merikani kisichotiwa rangi, chini ya makwapa. Kujitanda kichwa na kuficha uso ilikuwa alama ya waungwana, na mtumwa aliyejaribu alikumbushwa nafasi yake. Mwanamume mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Macho yalitazama chini, mikono ilipokea, mdomo uliitika "lebeka". Ukiusoma unyenyekevu huo kwenye vitabu utaona jinsi ulivyosifiwa na waliokuwa wakinufaika nao.

Mimi sikubali kuuita huo unyenyekevu. Ulikuwa amri, na anayeinama kwa kuogopa bakora hajachagua kuinama. Hii ndiyo sababu wanawake walioachwa huru walikimbilia nguo. Kanga, iliyoanza kuenea pwani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ilinunuliwa kwa fedha ya vibarua vya karafuu na ya mama lishe, na kaniki ikaachwa kwa kazi za shamba. Baadaye likaja buibui, vazi jeusi la kufunika mwili mzima, na wajukuu wa watumwa wakalivaa sawasawa na wajukuu wa mabwana. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akitunza buibui lake la zamani katika sanduku la mkangazi na kulinyoosha kwa mikono kila akilitoa. Aliniambia mama yake alilia siku ya kwanza kulivaa, kwa furaha, kwa sababu alipita Darajani na hakuna aliyeweza kumjua ni wa ukoo gani.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Mwaka huohuo Khalifa bin Harub alikalia kiti cha usultani. Mmoja alikwenda kuishi kasri ya pwani, mwingine Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya makuti. Ng'ambo ndiko walikoishi wachukuzi wa bandarini, wapagazi, maboi, mayaya, mafundi seremala, wavuvi, wauza maji.

Taarab haikuwa mali ya Ng'ambo siku hizo. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyependa muziki wa Misri kiasi cha kumpeleka kijana wa Unguja, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, huko Cairo. Aliporudi, muziki huo ulipigwa kasrini na kwenye majumba ya wakubwa. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, klabu ambayo ipo mpaka leo. Wakaagiza ala na kufanya mazoezi, wanaume watupu, na nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakuyaelewa maneno, lakini kutoyaelewa hakukuwazuia kutikisa vichwa, kwa kuwa kukaa kwenye busati lile tayari kulikuwa daraja.

Mtu kutoka Fumba, mwanamke, asiyesoma skuli, mwenye jina la Mtumwa, angeweza kufanya mambo mawili mbele ya ukuta kama huo. Angerudi na vyungu vyake. Au angesimama nje akapiga kelele kwamba sauti yake ni bora kuliko zao, na pengine ilikuwa hivyo kweli. Siti alifanya jambo la tatu, ambalo halisimuliwi sana kwa sababu halina mbwembwe: alikubali kufundishwa. Alijifunza kwa wanamuziki wa mjini kuimba kwa kufuata ala, akajifunza nyimbo za Kiarabu na namna ya kuzitamka, mwanamke mtu mzima wa miaka kama 30, akianzia mwanzo.

Wanaoimba wanajua jambo hilo lina uzito gani. Sauti ya kunadi vyungu ina nguvu, inapenya mtaa mzima, lakini haina mahali pa kupumulia. Kuimba na udi na fidla ni kuingia katika nyumba ya watu wengine. Unangoja bashrafu, muziki wa ala wa utangulizi, imalizike. Unasikiliza kanuni inakokwenda. Unaingia pale unapoachiwa nafasi, unatoka kabla hujaombwa, na fidla inakujibu. Asiyejua kusikiliza hujulikana katika ubeti wa kwanza. Katika klabu zetu desturi imebaki kwamba mgeni huanza kwenye kuitikia. Anakaa miongoni mwa waitikiaji, anaujua kila wimbo wa kila mwenzake, anaimba kiitikio cha mtu mwingine usiku baada ya usiku. Kisha siku moja mshairi na mtunzi wa muziki wanamletea wimbo wake. Tangu hapo wimbo ule unakuwa wake, na mwenye adabu hatauimba bila ruhusa yake. Hakuna mtu anayejitwalia wimbo.

Niliketi kwenye kuitikia kwa miaka mingi kabla ya kupewa wangu. Wapo wanaoiona desturi hii ni ya kuwakandamiza vijana, na kweli ipo klabu iliyoitumia vibaya, ikawaacha mabinti wenye vipaji kwenye kiti cha nyuma mpaka wakakata tamaa. Hilo ni kosa na lisemwe. Hata hivyo, mimi nilipopewa wimbo nilisimama mbele ya watu bila kutetemeka, na ujasiri huo haukutokana na mtu kuniambia kwamba ninaweza. Nilikuwa nimeshazibeba nyimbo za wenzangu zote. Nilijua udi unafika wapi, najua nikipotea nani atanirudisha.

Siti naye alikuwa na watu wa kumrudisha. Kundi lake ndilo linalonivutia kuliko hata sauti yake. Walikuwamo Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaabani, na Mbaruku, mpigaji hodari ambaye hakuwa akiona. Jioni walikutana nyumbani kwake Ng'ambo. Watu walipita, habari za siku zikamwagwa pale barazani: nani kafukuzwa kazi, nani kafungwa, tajiri gani kamdhulumu kibarua gani. Katika mazungumzo hayo mashairi yalitungwa, yakapimwa, yakakatwa, yakatiwa muziki. Na yalitungwa kwa Kiswahili. Watu wa Ng'ambo, waliokuwa wamezoea kutikisa vichwa kwa maneno wasiyoyajua, sasa walisikia ala zilezile za kasri zikibeba maneno ya mtaani kwao. Siti aliimba akiwa amejifunika buibui, katikati ya wanaume wale. Stara ambayo mama zake walinyimwa aliivaa kwa hiari mbele ya wakubwa walewale ambao zamani wangemvua.

Mwaka 1928 walipanda meli kwenda Bombay. Kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe, iliwaita wakarekodi, na Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingiza sauti yake kwenye santuri. Fikiria kazi iliyokuwa mbele yao. Wimbo wa barazani unaweza kwenda nusu saa, kwa kuwa watu wanatunza, wanaomba ubeti urudiwe, mpigaji anapata shauku na kuongeza. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulichukua kama dakika 3 tu. Kwa hiyo ilibidi kuchagua beti, kukubali kwamba sehemu unayoipenda itabaki nje, na kufanya hayo yote mbele ya maikrofoni, bila mtu wa kusema "Allah!" pale unapomgusa. Waliifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba waliitwa tena, na makampuni mengine, Odeon na Columbia, yakaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Santuri zikauzwa kwa maelfu. Kwenye migahawa ya kahawa watu walijazana kuzunguka gramafoni moja.

Hapo ndipo mji ulipokumbuka kumuuliza ukoo.

Wapinzani wake walitunga wimbo wa kumkejeli. Kila mtu mzima wa Unguja anayajua maneno yake, na siyaandiki hapa. Maana yake ilikuwa hii: tangu lini huyu naye akawa mtu? Si yule aliyetoka shamba na kaniki? Ingekuwa si hiyo sauti, angekula nini? Walimcheka na sura pia, maana watu wa mji walikuwa na kipimo chao cha uzuri, nacho kilifanana sana na kipimo chao cha nasaba.

Nimewahi kuligeuza suala hili kuwa mjadala darasani. Niliwauliza wanafunzi: mngejibuje? Wengi walitaka Siti awataje waliomtukana kwa majina na kufukua siri zao, na taarab inazijua njia za kufanya hivyo. Wachache walitaka anyamaze, kwa kuwa kunyamaza ndio uungwana. Jibu lake halikuwa lolote kati ya hayo. Alijibu kwa wimbo, hadharani, bila kukana hata neno moja walilosema. Hakudai kwamba ana ukoo mkubwa uliofichika. Hakudai kwamba ni mzuri wa sura. Aliviacha vyote viwili wavichukue, kisha akasema kwamba uzuri wa umbo na utukufu wa mababu havimfai mtu aliyepungukiwa na akili.

Naliona jibu hilo kuwa tukio kubwa katika historia ya kisiwa hiki, na siogopi kulisema hivyo. Matusi yale yalikuwa na nguvu kwa sharti moja tu, kwamba mtukanwaji aone haya ya alikotoka. Baadhi ya walioachwa huru walibadili majina na makabila yao ili wapumue, na siwalaumu, kwa kuwa mji uliwabana. Siti hakuficha kaniki. Alijua thamani yake ilipotoka: kwenye miaka ya kujifunza, kwenye masikio ya Mbaruku na ulimi wa Mwalimu Shaabani, kwenye koo lake. Mtu aliyesimama juu ya vitu anavyovijua kwa majina hasukumwi kwa kuulizwa baba yake nani. Na kwa kuwa hakujiona mkubwa kuliko Fumba, hapakuwa na kitu cha kumshusha.

Lakini upole wake huo haukuwa wa kufumba macho. Miongoni mwa nyimbo za kundi lake upo wa Kijiti, unaosimulia mwanamke mgeni aliyefanyiwa unyama na kuuawa na mwanamume ambaye alitoroka, huku waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakijikuta wao ndio wanaohukumiwa. Wimbo huo ulilitaja tukio kwa jina na kulipitisha kila baraza, wakati ambao Ng'ambo haikuwa na gazeti la kuisemea. Ilikuwa miaka hiyohiyo, mwaka 1928, ambapo wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi. Mwanamke aliyekuwa akialikwa kuimba mbele ya Sultani na matajiri alirudi usiku kuwaimbia wapagazi habari za dhuluma za mahakama. Kwake hakukuwa na nyuso mbili.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo alikuwa ameketi na Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Tanga, karani wa serikali kwa kazi yake ya mchana, akamsimulia maisha yake. Kutoka hapo kikapatikana kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na kilichonishangaza ni kwamba mtu wa hadhi ya Shaaban Robert katika fasihi aliona muuza vyungu anastahili kitabu, katika zama ambapo wasifu uliandikwa juu ya masultani, magavana na masheikh. Kinafaa kusomwa tena, na vijana wa leo wakikiona kinasifu mno, waendelee tu. Shaaban Robert alikuwa akirudisha deni la mji mzima.

Katika nyayo zake taarab ya wanawake ilishamiri. Vikazuka vikundi vya wanawake vya mjini, Sahib el-Ari na Navy, vikishindana kwa nyimbo na kwa sare za nguo, na ushindani huo mara nyingine ulifika pabaya. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 ikaja rusha roho, na kusemana kukawa ndio wimbo wenyewe. Sina ugomvi na wanaoipenda. Nasema tu kwamba Siti alisemwa vibaya kuliko wote hao na akajibu mara moja kwa hoja.

Aliyembeba Siti mpaka zama zetu ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013. Alikuwa akisema kwamba nyimbo alizipata kwa kumsikiliza Siti. Yeye alikuwa pia mwalimu wa unyago, mpiga msondo, muuza hina, na alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa tayari bibi kizee. Alitembea dunia, akarudi nyumba ileile, akala na majirani walewale. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania nao, walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti.

Mwezi uliopita aliletwa kwetu binti wa miaka 17 kutoka Kikwajuni. Ana sauti nzito, ya chini, ambayo watu wa nyumbani kwake wamekuwa wakimwambia ni ya kiume, na kwa ajili hiyo ameimeza muda wote. Aliamkia kila mtu chumbani, mmoja mmoja, "Shikamoo," akaketi. Mama yake akasema yale maneno ya siku zote. Sikumwambia binti aimbe. Nilimsikilizisha Siti, rekodi ya zamani inayokwaruza, nikamwomba aniambie ni wapi fidla inamjibu muimbaji na ni wapi inamtangulia. Alikosa mara ya kwanza, akapata ya pili, kisha akaniomba niirudishe tena, na tena, na akaanza kuitikia bila kuambiwa, kwa sauti yake ileile ya chini. Tumempa nafasi kwenye kuitikia, upande wa kushoto, karibu na mpiga fidla, na mshairi wetu ameshauliza jina lake.